Airspy HF+ Discovery: umeme ukikatika ndipo inaimba

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo siko kile chumba mlichozoea kule Moshi mjini. Nimepanda Kibosho kwa bibi, ni usiku, na sababu mtaiona sasa hivi.

Hiki hapa, kipokezi cha redio cha kutumia na kompyuta, ukubwa wake kinakimbilia kiberiti. Hakina kioo, hakina kitufe, hata spika hakina. Unachomeka kwenye laptopu, programu inafanya kazi yote. Habari za megahezi ngapi mpaka ngapi mnazijua, naruka. Mimi nimekinunua kwa ajili ya huku chini tu, kwenye masafa ya chini kabisa ya redio, maana kinaanzia nusu kilohezi. Nusu! Zile dongo za TV, vile vipokezi vidogo vya USB tulivyoanzia wengi wetu, hata uzilazimishe vipi, chini ya kilohezi 500 hupati cha maana.

Tazama kioo cha laptopu. Huu mchoro unaoteremka kama maporomoko ndio umeninyima usingizi wiki nzima. Ule mstari mnene, kilohezi 19.8, mmeuona? Unatoka Australia, North West Cape, kituo cha kuwasiliana na nyambizi zikiwa chini ya maji. Umevuka Bahari ya Hindi yote ukaja kunasa kwenye waya wangu, pale kati ya mparachichi na mringaringa. Maneno husikii, ni mlio tu, na bado nauangalia kama mpira.

Na hivi vijistari vinavyokata kioo chote ni radi. Sikiliza... kama bisi sufuriani. Hapa juu nyota zote zinaonekana, hakuna wingu. Hiyo radi iko mbali, labda Kongo huko.

Sasa subirini. Nawasha taa ya bibi, hii ya LED. Moja, mbili... umeona? Ukungu mtupu! Australia imezama. Nazima, imerudi. Nawasha tena...

"Wewe, unachezea taa ya nani?"

Shikamoo bibi, nimemaliza. Samahani wadau.

Kosa si la kifaa. Kule mjini nilikaribia kukata tamaa: chaja ya jirani, inveta ya sola ya mwenye nyumba, vyote vinanguruma humo humo. Juzi umeme ukakatika saa mbili usiku. Mtaa mzima unalalamika, mimi peke yangu nashangilia gizani, laptopu ina asilimia 40.

Bei? Ilipotoka ilikuwa dola 169, hapo bado usafiri na ushuru. Video iliyopita nilisema bora RSPdx ya SDRplay, kipokezi kingine cha aina hii, inapanda hadi gigahezi 2 na ina matundu matatu ya antena. Kama unataka kila kitu, chukua hiyo. Kwa huku chini, nafuta kauli. Ila kabla ya yote nunua waya mrefu, jamani, waya!

Tangazo: tarehe 24 Desemba tupo laivu hapa hapa. Kule Grimeton, Sweden, kuna mtambo wa kurusha mawimbi ya redio wa 1924, jenereta linalozunguka tu, halina transista hata moja. Huwashwa mara chache kwa mwaka, na mkesha wa Krismasi ni mojawapo, kilohezi 17.2, kwa Morse, zile alama za nukta na vistari. Sijui kama utatufikia, ila waya upo. Gonga kengele usipitwe.

Bibi nimeshamwomba azime king'amuzi saa hiyo. Bado tunajadiliana.