Gari ilichemsha injini ikajam, fundi wa Malindi kaiokoa
Nilikuwa natoka Marafa, mpira wa rejeta ukapasuka maji yote yakamwagika, kabla sijafika Mambrui injini ikajam kabisa, stata yalia tak tu haizunguki. Fundi wa kwanza kanambia nunua injini nyengine. Huyu wa gereji ya Malindi mjini akasema ngoja kwanza, akatoa plagi zote akamimina dizeli kwenye silinda akaiacha usiku kucha, asubuhi akatia spana kwenye puli ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, akaizungusha kwa mkono polepole hadi ikaachia. Wallahi nilitaka kulia! Na hakuiwasha vivi hivi, alifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akanionyesha gaskiti ya kuizibia imeungua, hedi nayo imepinda ikapelekwa kuchongwa. Siku 6 nzima na bei si ya chini, lakini kila spea kuukuu alinipa mkononi.