Droo ya kibali cha kulungu jike hapa Maine: kuomba ni bure, kazi iko kwenye kuchagua zoni

Nyota nne kwa tano. Naanza na hiyo maana najua kuna watu wanasoma mstari wa kwanza tu wanaondoka zao, sasa nyie nendeni salama, wengine kaeni nieleze.

Kila kiangazi hapa Lewiston na Portland, miji ya jimbo la Maine huku Marekani, maswali yetu sisi wahamiaji ni yale yale, oh nasikia kuna bahati nasibu ya kulungu, oh inalipiwa shilingi ngapi, oh ni ya wazungu tu. Siyo ya wazungu tu. Ni ya mtu yeyote mwenye leseni ya kuwinda ya jimbo, na leseni kwa mkazi mpaka 2025 ilikuwa dola 26, na kama hujawahi kuwa na leseni kabla unatakiwa upite kwanza kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo mimi naisifia sana na sitaki ubishi, maana kuna watu wanadhani kwa vile babu yao alikuwa mtegaji hodari basi wao wameshahitimu.

Sasa leseni peke yake inakupa dume. Na dume hapa ana tafsiri yake kisheria, pembe lazima zifike inchi tatu, zikiwa fupi kuliko hapo mnyama huyo anahesabiwa sawa na jike hata kama unamwona kabisa kwa macho yako kwamba ni kidume. Ukitaka jike, au hao wadogo wa pembe fupi, unahitaji kibali cha ziada, na hicho kibali ndicho kinachochezewa droo. Unaomba mtandaoni kiangazi, hulipi kitu, jina lako linaingia, kompyuta inachagua, ukishinda ndiyo unalipa dola 12 kukichukua. Usipolipa huna kitu, na chako kinaingia kwenye vile vilivyobaki ambavyo vinauzwa kwa anayewahi. Hicho kipengele cha vilivyobaki watu wengi hawakijui kabisa, wanakosa droo wananuna mpaka mwaka kesho, kumbe kuna zoni vibali vinakosa wenyewe na vinauzwa tu hivi hivi kama vocha.

Mfumo huu wa kugawa majike kwa droo upo tangu 1986, ila zamani ulikuwa tofauti, kibali kilikuwa bure na kilikuruhusu kupiga kulungu mmoja yeyote, dume au jike, basi umemaliza mwaka wako. 2022 wakabadilisha. Sasa jike anakuwa nyongeza, unaweza kupata jike kwa kibali na bado ukaendelea kumtafuta dume kwa leseni yako. Kuna wazee wa hapa walilalamika sana kuhusu hizo dola 12, mimi naona ni bei ya pizza moja na soda, na sababu yenyewe ina mantiki. Zamani watu walikuwa wanachukua kibali cha jike wanakiweka mfukoni kama akiba tu huku wakisubiri dume mkubwa wa kupiga naye picha, msimu unaisha majike wako vile vile porini, na lengo la kibali halijatimia.

Maana lengo ni hesabu ya wanyama, siyo kutufurahisha sisi. Dume mmoja anapanda majike wengi, ukipunguza madume idadi haishuki kivile, ila jike mmoja aliyeshiba vizuri anazaa mapacha, kwa hiyo anayetaka kulungu wapungue anatoa vibali vingi vya majike na anayetaka waongezeke anavibana. Jimbo limegawanywa zoni 29 na kila zoni ina idadi yake, na idadi inabadilika kila mwaka kutegemea winta iliyopita ilikuwaje. Kule kaskazini theluji inakaa ndefu na nene, kulungu wanajibana chini ya miti ya msonobari wanasubiri iishe, wengine hawafiki masika. Huku kusini na pwani winta imelegea, kulungu wamejaa mpaka kwenye bustani za watu wanakula maua, kupe ndiyo usiseme, na ajali za magari usiku kila mtu ana hadithi yake. Kwa hiyo kusini vibali vinamwagwa kwa maelfu, kaskazini zoni nyingine vinatolewa kiduchu na nyingine havitolewi kabisa.

Na hapa ndipo watu wetu wanapoumia. Kuna mzee mmoja Mkongomani tunasali naye, nilimuuliza, Papa, mwaka huu umeomba wapi? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Mutoto yangu, nimeomba kule juu Aroostook, kule ndiyo musitu. Mimi natoka Fizi, musitu naijua." Sasa Aroostook ndiyo kaskazini kabisa, unamjibu nini? Msitu anaujua kweli, shida msitu siyo unaochagua majina. Ukiomba zoni yenye vibali vichache umejiweka mwenyewe kwenye foleni ndefu, ukiomba zoni ya kusini yenye maelfu ya vibali karibu unajua utapata. Nilimwambia Papa, idadi ya vibali kwa kila zoni inatangazwa, itazame kwanza ndiyo ujaze, na fomu inakuruhusu kuweka zoni zaidi ya moja kwa mpangilio, usiache nafasi wazi. Akacheka akasema wazungu wameweka mpaka mahesabu kwenye nyama ya porini. Ndiyo hivyo, wameweka.

Ninachokipenda kuliko vyote kwenye droo hii ni kwamba haina pointi. Nina jamaa yuko Aurora kule Colorado, wao kila mwaka ukikosa unapewa pointi, unazilimbikiza, na kuna maeneo watu wanakusanya miaka na miaka ndiyo wapate, kwa hiyo wewe mgeni uliyefika juzi unaanza mkiani nyuma ya mtu aliyeanza kuomba wewe ukiwa bado kambini Kigoma. Hapa Maine kwa kulungu kila mwaka wote mnaanza sifuri. Aliyezaliwa hapa na babu yake na wewe uliyekaa hapa miaka miwili tu mna nafasi sawa. Karibu sawa, nitakuja kwenye hiyo "karibu".

Msichanganye na ile droo ya muusi, yule mnyama mkubwa kupita ng'ombe mwenye mapembe mapana kama karai. Ile ina mbwembwe, wanasoma majina hadharani mwezi wa sita, watu wanakuja na familia na viti vyao. Ile ndiyo ina pointi na ile unalipia kuomba, dola 15 kwa mkazi, ushinde usishinde, na vibali ni elfu nne na kitu kwa waombaji makumi elfu. Nawajua watu wanaweka hela kwenye muusi kila mwaka na hawajawahi kugusa ya kulungu ambayo ni bure. Sielewi.

Haya, sasa ile "karibu". Wenye ardhi wana upendeleo. Ukiwa na ekari 25 na kuendelea na hujaifunga kwa wawindaji, kuna sehemu ya vibali imetengwa kwa ajili yako kabla sisi wengine hatujaguswa. Mwanzoni iliniudhi kweli, nikasema tajiri tena anaongezewa. Halafu ukikaa ukafikiria, zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Maine ni ya watu binafsi, na desturi ya hapa ni kwamba kama hakuna kibao unaruhusiwa kupita na kuwinda bila hata kumjua mwenyewe. Mahali pengi duniani ungepigwa mawe. Kwa hiyo huyo mwenye shamba akiamua kufunga, kibali chako cha dola 12 utakitundika ukutani. Wacha apewe. Ila nyie mnaoanza, angalieni miti, ukiona mstari wa rangi ya zambarau umepakwa kwenye shina maana yake usiingie bila ruhusa, hakuna haja ya kibao cha maneno. Na hata pasipo mstari nenda kagonge mlango, jitambulishe, sema unaishi wapi, waambie utakuja siku gani. Sisi tukionekana na bunduki nyuma ya nyumba ya mtu asiyetujua, ninyi wenyewe mnaelewa. Na usisahau huruhusiwi kupiga risasi ndani ya mita 90 hivi kutoka kwenye nyumba ya mtu bila ruhusa yake, na rangi ya chungwa mwilini vipande viwili, kofia na kizibao, siyo kofia peke yake.

Jirani yangu Mkenya haamini haya yote mpaka leo. Kwao uwindaji ulipigwa marufuku 1977, yeye akisikia serikali inakubembeleza uue mnyama pori anaona ni mtego wa polisi.

Ukishampata, kabla hujamsogeza unamfunga tegi yenye jina lako na namba ya leseni, halafu una saa 18 za kumfikisha kituo cha usajili. Kituo usitegemee ofisi, mara nyingi ni duka tu la kijijini, linauza mafuta ya gari, kahawa na chambo za samaki, na nje pametundikwa mzani. Unamtundika hapo kwa miguu, dada wa kaunta anatoka na daftari lake amevaa koti juu ya aproni, anaandika zoni, jinsia, anafunga sili yake mguuni, anakupongeza, anarudi kuuza sigara. Siku nyingine unamkuta mtaalamu wa wanyama wa jimbo, anafungua mdomo wa kulungu anatazama meno kujua umri. Hayo meno na hayo maandishi ya dada wa kaunta ndiyo yanarudi kuwa idadi ya vibali vya mwaka unaofuata, kwa hiyo wale wanaomchinjia gerejini kimya kimya bila kumsajili wanajikata miguu wenyewe, achilia mbali faini.

Nyama sasa. Nyama ya jike ni laini kuliko ya dume wa Novemba ambaye amekuwa anakimbiza wanawake wiki tatu hajala, hiyo sitaki kubishana na mtu. Mafuta yake yatoe yote, yanaganda mdomoni na yana harufu, halafu mchemshe taratibu na tangawizi na vitunguu vingi, nazi ukiipenda, ugali pembeni. Friza inajaa mpaka Pasaka. Ila maini, na najua hapa ndipo mtanichukia, maini na figo acheni. Idara ya afya ya jimbo inashauri msile kwa sababu ya kadimiamu, metali yenye sumu, inayojikusanya humo, na kuanzia 2021 kuna eneo la kule Fairfield walitangaza kulungu wake asiliwe kabisa kwa ajili ya PFAS, kemikali za viwandani zisizooza, zilizoingia mashambani. Kabla ya kuchagua zoni tazama na hilo tangazo, usije ukashinda droo ya nyama usiyoweza kumlisha mtoto. Bucha za kukukatia zipo, ila Novemba zina foleni, na moja niliyopeleka mzigo nilirudishiwa nyama ambayo siamini kabisa ilikuwa ya mnyama wangu, tangu hapo nakata mwenyewe na kisu na YouTube.

Nyota ya tano nimeinyima kwa ajili ya Jumapili. Maine hairuhusu kuwinda Jumapili, hata kwenye shamba lako, hata na kibali mkononi. 2021 wananchi walipiga kura wakaingiza haki ya chakula kwenye katiba ya jimbo, watu wakaenda mahakamani wakisema basi Jumapili ifunguliwe, mahakama kuu ya jimbo ikakataa 2024. Sawa, wenye kutembea msituni na mbwa wao nao wapate siku moja ya amani, nawaelewa, na Papa mwenyewe anasema Jumapili ni ya Bwana. Lakini nusu ya watu ninaowajua wanafanya Jumatatu mpaka Jumamosi, viwandani, kwenye nyumba za wazee, maghala, na saa halali za kulungu ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, na Novemba jua la hapa linazama saa kumi na kitu jioni, ukitoka kazini giza. Kwa hiyo ukishinda, kabla hujalipa hizo dola 12, kamwombe supavaiza siku mbili za katikati ya wiki, na uziombe mapema maana mwezi huo nusu ya wazungu wa kazini nao wameshaziomba.