Mgeni darasani au ziara ya karakana?
Ukitaka wanafunzi waache kusema uuguzi ni wa wanawake na ufundi ni wa waliofeli, umwite nesi wa kiume darasani au uwapeleke chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, Dar es Salaam?

Kwa gharama mgeni anashinda: nauli na soda, basi. Ziara inataka gari la kukodi, ruhusa za wazazi, na foleni ya Barabara ya Mandela hiyo uijue mwenyewe. Lakini mgeni husimulia mazuri tu. Karakanani binti anamwona dada mwenye ovaroli, grisi hadi viwikoni, akipima nafasi ya vali ya injini kwa sehemu za milimita. Desimali zilezile anazozikimbia ubaoni. Maswali yanakuja yenyewe, hata la mshahara.

Mgeni, hata hivyo, unaweza kumrudisha kila muhula. Kwa kidato cha kwanza waliojaa darasa, ningeanza naye. Kidato cha nne wanaokaribia kuchagua tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha tano? Tafuta gari.