Nilinunua vitambaa vya kochi Kibuye kwa sababu ya mashimo

Seti ni ya vipande 20: saba vya migongo, vinane vya mikono, vinne vya stuli na kimoja kikubwa cha meza. Rangi ni krimu, ukingo maruni. Mama muuzaji alianzia 6,000, mimi nikasema 3,500, akacheka na kuanza kuvikunja kama mtu anayefunga biashara. Tukamalizana kwa 4,500. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye, hapa Kisumu, hufurika hadi barabarani. Kibanda chake hakina jina. Ukiona vitambaa vimeanikwa kwenye kamba mpaka vinakupapasa kichwa, umefika.

"Omera, bibi ndiye amekutuma?"

Nikamwambia sina bibi, na kochi langu ni moja, tena mto wake mmoja umepotea. Akaniangalia kwa huruma, akanifungia kwenye gazeti.

Niseme mapema ili asije mtu akanilaumu: mimi sikununua vya kufunika kochi. Nachapa mifuko ya karatasi ya kaki, ile ya madukani, kazi niliyoiingia baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017 na kila mwenye duka kuanza kutafuta cha kufungia. Mifuko mitupu inauzwa na kila mtu. Yangu ina maua, na maua hayo yanatoka kwenye vitambaa vya kufuma.

Nimekulia Chavakali, kwenye sebule iliyopakwa rangi ya mafuta ya kijani hadi usawa wa kifua, na nyeupe kutoka hapo kwenda juu. Picha za wazee zilitundikwa karibu na dari, zimeinamia mbele kana kwamba zinachungulia tunakula nini. Kalenda za duka la pembejeo zilikuwa tatu, moja juu ya nyingine, kwa sababu mama hakuona vizuri kutupa picha ya ng'ombe mzuri hivyo. Na kila chenye mgongo kilivishwa: kochi, redio, hata chupa ya chai.

Jumamosi ilikuwa siku ya kufua vitambaa. Mama alipokinyanyua kile cha meza, chini yake kulikuwa na ua zima la vumbi. Vumbi jekundu la wiki nzima lilikuwa limepenya kwenye mashimo na kutua juu ya mbao nyeusi: mananasi manane, yaani yale maumbo ya kroshia yanayofanana na nanasi, yamezunguka nyota, mistari yake safi kuliko ya kitambaa chenyewe. Nilikuwa na muda mfupi sana wa kulifuata kwa kidole kabla hajarudi na kitambaa kibichi. Nimechapwa kwa kosa la kuchora mezani, na hadi leo nasema sikuchora, nilifuatisha tu.

Sasa natumia rangi badala ya vumbi. Nakilaza kitambaa juu ya mfuko, nakibana pembe, nagonga kwa sifongo iliyokaribia kukauka. Rangi ikizidi kidogo inatambaa chini ya uzi na ua linakuwa doa. Kwa hiyo ninapokagua kitambaa sitazami uzi kwanza. Nakiinua kwenye mwanga, natazama penye uwazi.

Turudi kwenye bidhaa. Mama muuzaji aliniapia ni uzi wa pamba. Nyumbani nilichoma ncha ya uzi mmoja kwa kiberiti: ukayeyuka, ukawa kidonge kigumu. Pamba ingeungua ikabaki jivu. Hiyo ni nailoni, na kwa mtu mwenye kochi ni hasara. Nilivijaribu kwa dada yangu Nyalenda, ambaye kochi lake ni la ngozi bandia. Watoto watatu, taarifa ya saa moja, na ilipofika habari za michezo migongo yote saba ilikuwa sakafuni. Alivitia pini. Pini ikamchoma shemeji. Pia maruni ilichuja tulipovifua, na krimu imekuwa na haya ya waridi.

Mama yangu angevikataa bado viko kwenye kamba. Vyake vilikuwa vya pamba, vinalowekwa kwenye maji ya wanga wa muhogo na kuanikwa juu ya nyasi vimevutwa kila upande, vikikauka vinasimama vyenyewe kama sahani. Na vilikuwa na kazi. Mjomba wetu wa Nairobi alikuwa na nywele za kali (curly), zile za miaka ya 80 zilizochuruzika mafuta, na alipopumzisha kichwa chake kwetu kitambaa ndicho kiliokoa kochi. Baadaye nimekuja kusoma kwamba Waingereza wa karne ya 19 walifunika migongo ya viti vyao kwa sababu hiyo hiyo: wanaume walijipaka mafuta ya nywele yaliyoitwa Macassar. Nilipomsimulia mama kwa simu alisema, "Kwa hiyo nao walikuwa na mjomba wako."

Kwa kazi yangu, lakini, nailoni imenifurahisha. Pamba hunywa rangi, ikavimba, na baada ya mifuko kumi mashimo yanaanza kuziba. Hivi vya nailoni navisuuza kwa maji, navikung'uta, naendelea. Kimoja cha stuli nimeshachapia mifuko zaidi ya 200 na nanasi lake bado lina ncha.

Ncha ndiyo iliyonirudisha Kibuye. Nanasi hufumwa kwa matao, na kila mstari unapungua tao moja hadi linabaki moja tu kileleni. Ukikosea hesabu mahali popote, kilele kinapinda. Katika vitambaa saba vya migongo, viwili vilikuwa na mananasi matano badala ya sita, na kimoja kati ya hivyo kilele chake kilikuwa butu kama kidole gumba. Mtu aliyefunika kochi asingeona. Kwenye karatasi kinapiga kelele.

Jumapili iliyofuata nikamrudishia vyote viwili. Cha kwanza alikibadilisha bila neno. Cha pili, chenye kilele butu, alisema hana kingine cha rangi hiyo, akavuta stuli, akatoa sindano ya kroshia kwenye nywele zake na kuanza kukifumua mbele yangu. Uzi ulitoka kwa kasi, tr-r-r-r, nanasi zima likaisha kwa kufumba na kufumbua. Kisha akaanza kufuma upya, huku akitaja bei kwa wateja wengine bila kuinua macho wala kupoteza hesabu. Ilimchukua kama nusu saa. Kilele kilitoka chembamba, kizuri kuliko vingine vyote kwenye seti.

Aliponiuliza kwa nini mwanamume anahesabu mananasi, nikamwonyesha mfuko.

"Unapaka rangi kitambaa changu?"

"Ndiyo, mama."

Akaugeuza mfuko, akapitisha ukucha kwenye ua, akahesabu. "Hili ni langu. Hapa nilikuwa nimechoka." Alionyesha tao moja lililolegea ambalo mimi, na hesabu zangu zote, sikuwa nimeliona. "Ungesema. Ningekufumia ya uzi mwembamba na sindano nene, mashimo yakae wazi."

Basi, wa kochi: tafuteni kwingine, au mumbane akufumieni kwa pamba halisi, na mbebe kiberiti. Wachapaji na washonaji wanaopenda mchoro wa nyumbani: nendeni, lakini hesabuni kila kipande hapo hapo kabla ya kulipa. Mimi nimeacha 300 ya kianzio kwa kimoja cha mananasi manane kuzunguka nyota. Nilimchorea kwa kidole kwenye vumbi la meza yake. Ameniambia nikichukue Jumapili mbili zijazo.