Tiketi ya msimu inalipa, ila kiti cha kudumu ndicho tatizo

Ratiba ya msimu mpya wa ukumbi wa maonyesho hutoka miezi kadhaa kabla ya pazia la kwanza kufunguliwa, na mara nyingi huja na ofa ileile: lipia maonyesho sita au manane kwa mkupuo mmoja, upate punguzo, na kiti chako kiwe kilekile kuanzia onyesho la kwanza hadi la mwisho. Ndani ya kifurushi utakuta tamthilia mbili tatu, usiku wa dansi, okestra au kwaya, mchekeshaji, sarakasi, vikaragosi vya watoto, na pengine opera. Kwa mtu anayependa sanaa za jukwaani, kifurushi cha namna hii ni kitu kizuri na tunakipendekeza. Tunachokipinga ni kile kinachosifiwa kuliko vyote kwenye tangazo, yaani kiti cha kudumu.

Kiti cha kudumu kilianza zamani, na wakati huo kilikuwa na mantiki. Ukumbi wa San Cassiano wa Venice ulipofungua milango ya opera kwa umma mwaka 1637, familia tajiri zilikodi vyumba vyao vya kutazamia kwa mwaka mzima. Lakini walichokuwa wakienda kutazama kilikuwa opera, na kesho yake opera tena. Msimu wa leo unachanganya sanaa ambazo kila moja inaomba umbali wake, kimo chake na hata mwangwi wake.

Chukua tamthilia isiyotumia maikrofoni. Uso wa mwigizaji husomeka vizuri hadi takriban mita 20. Ukivuka hapo unabaki na mikono na mwendo, na macho yake huyaoni tena. Safu za viti huachana kwa mita moja hivi au pungufu kidogo, kwa hiyo safu ya ishirini iko ukingoni. Sisi tungeketi kati ya safu ya tano na ya kumi na mbili. Sauti nayo ina masharti yake. Maneno yanasikika safi pale mwangwi wa ukumbi unapozimika ndani ya sekunde moja hivi. Ukidumu zaidi, silabi hupandana na konsonanti ndizo zinazopotea kwanza, hasa mwigizaji anapogeuka kando. Ndiyo maana kumbi za tamthilia hujaa zulia, viti vya kitambaa na mapazia mazito.

Sasa mlete mpiga fidla kwenye ukumbi huohuo. Okestra inataka mwangwi wa karibu sekunde 2 ili sauti za vyombo ziungane, na ukumbi uliojengwa kwa ajili ya maneno unaifanya isikike kavu, kila chombo peke yake. Kuna hasara nyingine isiyoonekana: juu ya jukwaa kuna mnara mrefu wa kupandishia mapazia na mandhari, na sauti ya okestra hupanda humo ikamezwa na vitambaa. Kumbi zinazojali muziki huweka kuta na dari za mbao za kuhamishika nyuma na juu ya wapigaji, zirudishe sauti kwa watazamaji. Kabla ya kulipia usiku wa okestra, uliza dirisha la tiketi kama kuta hizo zitafungwa. Wakishindwa kujibu, omba wamuulize fundi wa jukwaa, yeye anajua. Zikiwepo, panda roshani, yaani viti vya ghorofa ya juu. Huko sauti hufika ikiwa imeshachanganyika, na unawaona wapigaji wote badala ya migongo ya safu ya kwanza ya fidla.

Dansi ndiyo inayoumizwa zaidi na kiti kibaya, na watu wengi hawalijui hilo kwa sababu viti vya mbele kabisa huuzwa ghali na kuonekana vya heshima. Jukwaa la kawaida lina kimo cha mita moja hivi, na jicho la mtu aliyeketi liko mita moja na robo au pungufu kutoka sakafuni. Ukiwa safu ya kwanza, unaitazama sakafu ya jukwaa karibu sawa na ukingo wake, kwa hiyo mchezaji akirudi nyuma hatua chache, nyayo zake zinamezwa. Katika baleti umepoteza nusu ya kazi. Unachopata badala yake ni kishindo cha ncha ngumu za viatu na pumzi za wachezaji, mambo ambayo muziki ulikusudiwa kuyafunika. Safu ya kwanza ya roshani, katikati, ndiyo mahali pa dansi: kutoka juu unaona miduara na mistari inavyochorwa na kufutwa sakafuni, na hiyo ndiyo lugha ambayo mtunzi wa dansi ameandikia.

Kwenye sarakasi, cha kuogopa ni chini ya roshani, si juu yake. Tatizo hapa ni roshani inayoning'inia juu ya viti vya nyuma vya chini. Ukiketi ndani sana chini yake, dari inakata sehemu ya juu ya jukwaa, na mwanasarakasi akipanda kamba anatoweka kuanzia kiunoni. Dari hiyo hula na sauti pia. Kipimo rahisi cha kukagua kwa macho: linganisha kina cha eneo lililo chini ya roshani na kimo cha uwazi wake wa mbele. Kina kikizidi kimo, muziki usio na maikrofoni utafika umefifia kwenye safu za ndani. Kikifika mara mbili, hata tamthilia inaanza kuteseka. Viti vya huko ni vya bei nafuu, na kwa mchekeshaji mwenye maikrofoni vinatosha. Kwa opera vikwepe kabisa, kwa sababu maandishi ya tafsiri huonyeshwa juu ya uwazi wa jukwaa. Utaratibu huo ulianza Toronto mwaka 1983 na sasa nyumba nyingi za opera zinautumia, lakini aliye chini ya roshani huenda asione hata mstari mmoja. Safu za mbele nazo zina taabu yake: shingo inapanda kwenye maandishi na kushuka kwa mwimbaji usiku kucha, huku ngoma na tarumbeta zikitoka kwenye shimo la okestra, wanamokaa wapigaji mbele ya jukwaa, hatua chache kutoka magotini pako. Wagner, mtunzi wa opera wa Ujerumani, alilifunika shimo la ukumbi wake wa mjini Bayreuth, uliofunguliwa mwaka 1876, na moja ya faida zake ni kwamba sauti za waimbaji hazizamishwi.

Vikaragosi ni sanaa ya karibu. Usizidi mita 10, basi. Ketini katikati, maana pembeni mtoto ataona mikono na nyuzi kabla hajaamini kwamba kikaragosi kinapumua. Isipokuwa mtindo wenyewe uwe wa kuwaonyesha waendeshaji, kama bunraku ya Japani, ambapo watu watatu huendesha kikaragosi kimoja mbele ya macho ya watu, na kuwatazama ni sehemu ya utamu.

Kwa muziki wa spika, tafuta meza ya fundi sauti, ambayo kwa kawaida huwa sehemu ya nyuma ya viti vya chini. Anachokisikia yeye ndicho anachokirekebisha, kwa hiyo anayeketi karibu naye anapata karibu sauti ileile. Aliye mbele, pembeni kabisa, anasikia spika moja tu na ngoma zenyewe kutoka jukwaani.

Tukirudi kwenye pesa, hesabu ya punguzo ifanyeni kabla ya kusaini. Kifurushi cha maonyesho sita chenye punguzo la asilimia 20 kinakugharimu sawa na tiketi 4.8. Ukikosa onyesho moja, bado umepata matano kwa bei ya 4.8. Ukikosa mawili, umepata manne na umelipa zaidi ya aliyenunua mojamoja. Punguzo likiwa asilimia 15, gharama ni tiketi 5.1, yaani kukosa hata moja kumekuingiza hasarani. Kisha angalia ada ya huduma inatozwa vipi: mara moja kwa kifurushi kizima, au kwa kila tiketi iliyomo. Ya pili inaweza kulila punguzo lote kimyakimya.

Kwa hiyo sharti la kubadilisha tarehe lina thamani kuliko punguzo lenyewe. Soma ni saa ngapi kabla ya onyesho unatakiwa kutoa taarifa, kama mabadiliko yana ada, na kama unaweza kuhamia kiti cha daraja jingine kwa kulipa tofauti. Soma pia onyesho likifutwa unarudishiwa pesa au unapewa salio la kutumia msimu ujao. Salio halina maana kwa mtu anayehama mji.

Ratiba yenyewe ina lugha yake. Onyesho linalosafiri na kukaa usiku mmoja tu linafungiwa taa asubuhi, zinaelekezwa mchana, na sauti inajaribiwa saa chache kabla milango haijafunguliwa. Kitu kimoja kikichelewa, kinachokatwa ni muda wa majaribio, na hapo ndipo maikrofoni inafunguka mwigizaji akiwa ameshamaliza sentensi. Likikaa siku tatu, chagua ya pili. "Dakika 90 bila mapumziko" maana yake ni kwamba aliyechelewa huenda asiingizwe kabisa. "Waigizaji wanaweza kubadilika" maana yake kuna mwigizaji wa akiba aliyefanya mazoezi ya nafasi hiyo, na ukinunua kwa ajili ya jina moja kubwa huna madai. Onyo la taa za kumeta lichukuliwe kwa uzito na yeyote mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga: mimeto ya kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo hatari zaidi. Moshi wa jukwaani nao huelea hadi safu za mbele, kwa hiyo mwenye pumu aketi nyuma au roshani.

Kuna kumbi zinazouza kifurushi ambacho unachagua kiti upya kwa kila onyesho, kwa punguzo dogo zaidi. Hicho ndicho tunachokipa alama za juu, hata likiwa nusu ya punguzo la kiti cha kudumu. Kama ukumbi wako hauna kifurushi hicho na lazima uchague kiti kimoja tu, chukua safu ya kwanza ya roshani, katikati, mradi isiwe mbali na jukwaa kupita mita 20 na kidogo. Kitakuhudumia vizuri kwenye dansi, okestra, opera na sarakasi, kitaridhisha kwenye tamthilia, na tiketi ya vikaragosi nunua kando. Ila nenda ukakikalie kwanza mchana ukumbi ukiwa mtupu. Wahudumu wengi hawakatai ukiomba kwa adabu. Mbele ya safu hiyo kuna reli ya usalama, na kwa mtu mfupi inapita katikati ya jukwaa, usawa wa magoti ya waigizaji. Egemea nyuma kabisa kama mtu anayetazama onyesho la saa mbili, usijisogeze mbele, kisha utazame reli inakata wapi. Ikikata jukwaa, rudi safu ya tatu.