ThinkPad T480 iliyotumika: kompyuta ninayowashauri wanafunzi wa Mbeya

Kila mwaka vyuo vinapofunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaofika Iyunga, Forest na Block T huja na swali ambalo wazazi wao wengi hawawezi kuwasaidia kulijibu: inunuliwe kompyuta gani kwa fedha iliyopo? Fedha hiyo mara nyingi imetokana na mpunga wa Usangu, kahawa ya Mbozi au viazi vya Uporoto, na haitapatikana tena kabla ya mavuno mengine. Ndiyo maana huniuma kumwona kijana akiimaliza yote kwa kununua kompyuta mpya ya bei ya chini yenye umbo jembamba la kuvutia, ambayo RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu na haiwezi kuongezwa hata akipata fedha baadaye. Muda wangu mwingi wa chuo nimeutumia na Lenovo ThinkPad T480 iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, na ninaamini kwa dhati kwamba hakuna mashine inayomfaa zaidi mwanafunzi wa huku kwetu, ilimradi ajue anachokikagua kabla ya kulipa.

T480 ilitoka mwaka 2018 kama kompyuta ya maofisini. Jina la ThinkPad lilianza na IBM mwaka 1992, kisha Lenovo ikainunua biashara hiyo ya kompyuta mwaka 2005, na tangu hapo kampuni na taasisi za nje zimekuwa zikinunua mashine hizi kwa wingi na kuzibadilisha baada ya miaka michache. Zinazoondolewa huko ndizo zinazoingia nchini kupitia Dar es Salaam na kupandishwa hadi kwenye maduka ya Mwanjelwa na Kabwe. Mashine ya aina hii ilitengenezwa ikijulikana kwamba fundi wa ofisi ataifungua, na jambo hilo kwangu lina uzito kuliko rangi, wembamba au idadi ya stika zilizobandikwa juu yake.

Nianze na betri, kwa kuwa umeme ndio mtihani wa kwanza wa kompyuta yoyote hapa. Mvua zinapoanza, umeme unaweza kukatika jioni wakati kazi ya kikundi inatakiwa iwasilishwe usiku huo huo, na wanaoishi mageto ya nje ya chuo hawana jenereta ya kuwaokoa. T480 ina betri mbili: moja ya Wh 24 (saa-wati, kipimo cha umeme unaohifadhiwa) iliyo ndani ya mwili, na nyingine inayochomekwa kwa nyuma, ambayo hupatikana kwa ukubwa wa Wh 24, 48 au 72. Mashine hutumia kwanza ile ya nje, na ikiisha unaweza kuichomoa na kuweka nyingine iliyojaa bila kuizima kompyuta, kwa sababu ile ya ndani inaendelea kuibeba kazi. Mwanafunzi mwenye betri ya pili ya nje, aliyoichaji mchana akiwa maktaba, anakuwa kama mama wa nyumbani mwenye debe la unga la akiba: giza likiingia hababaiki. Ninaandika ripoti, ninasoma maandishi ya mhadhara na ninafanya hesabu za Excel kwa saa nyingi gizani, na kioo kikipunguzwa mwanga kidogo mashine hutumia umeme mdogo sana kwa kazi nyepesi kama hizo.

Hata hivyo, betri ya kompyuta iliyotumika si betri mpya, na muuzaji anayekuambia kwamba inakaa siku nzima hajakuthibitishia chochote. Uthibitisho unapatikana dukani kwa dakika moja. Fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili itakayotengenezwa. Humo utaona uwezo ambao kila betri ilikuwa nao ikitoka kiwandani na uwezo iliobaki nao sasa. Betri ya nje iliyochakaa haipaswi kukutisha, kwa maana hubadilishwa kwa mkono bila bisibisi, lakini itumie kama hoja ya kupunguziwa bei. Iliyo ndani ikiwa imechoka kabisa, fundi atalazimika kufungua kifuniko cha chini, na gharama hiyo nayo uiingize kwenye mazungumzo ya bei.

Kufunguka kwake ndiko kunakonifanya niipende hasa. Kifuniko cha chini kimeshikwa na skrubu chache za kawaida na vibanio vya plastiki, na mtu mwenye subira hukitoa bila kuvunja kitu, baada ya kuizima betri ya ndani kupitia BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya Windows) kama maelekezo ya mtengenezaji yanavyotaka. Ndani kuna nafasi mbili za RAM aina ya DDR4, na kiwango kilichotangazwa rasmi ni GB 32. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kununua mashine yenye GB 8 kwa fedha ya leo, kisha boom (fedha ya mkopo ya kujikimu) la muhula unaofuata likiingia akaongeza kipande kingine cha GB 8, na kompyuta ikawa na nguvu mpya bila kununuliwa upya. Diski nayo hubadilishwa vivyo hivyo. Ukikuta inayotumia diski ya zamani ya kuzunguka, usiikatae kwa sababu hiyo peke yake, ila hakikisha bajeti yako inatosha kununua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), kwa kuwa hakuna badiliko jingine litakalokuonyesha tofauti haraka namna hiyo. Kibodi, paneli ya kioo, feni na hata kadi ya Wi-Fi ni vipuri vinavyojitegemea. Ukiumwa jino huhitaji kung'olewa taya zima, na ndivyo inavyopaswa kuwa kwa kifaa kinachotakiwa kudumu miaka mitatu au minne ya shahada.

Hapa lazima nitoe tahadhari kuhusu majina, maana yanafanana na yanawaponza wengi. T480s, yenye herufi s mwishoni, ni nyembamba na nyepesi zaidi, lakini haina betri ya nje, na sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye ubao. T470 kwa upande wake inafanana na T480 kiasi kwamba ukiziweka pamoja utahitaji kusoma maandishi ili uzitofautishe, na ina betri mbili vilevile, ila prosesa zake ni za Intel kizazi cha 6 na cha 7. Tofauti hiyo imekuwa kubwa tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa masharti yake rasmi inaanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8, kizazi ambacho T480 nyingi zinacho, kwa mfano i5-8250U au i5-8350U, zote zenye viini vinne. Kwa hiyo usisome stika, bali fungua sehemu ya mfumo kwenye mipangilio ya kompyuta na usome namba ya prosesa kwa macho yako. Namba baada ya kistari ikianza na 8, uko salama.

Kioo ndicho udhaifu ninaousikia kila siku. T480 ziliuzwa na vioo vya aina mbalimbali, na kile cha chini kabisa, chenye nukta 1366 kwa 768, kina rangi zilizofifia na hubadilika ukikitazama kwa pembeni, jambo linalosumbua pale wanafunzi watatu wanapoizunguka kompyuta moja katika kazi ya kikundi. Tafuta yenye nukta 1920 kwa 1080, kwa sababu inakuwezesha kuweka makala upande mmoja na andiko lako upande wa pili bila kukodoa macho. Hata hiyo haina mwanga mkali, na kwenye jua la saa sita la Mbeya, ukiwa umekaa nje chini ya mti, hutaona vizuri. Spika zimewekwa upande wa chini na sauti yake ni ndogo, kwa hiyo mhadhara wa mtandaoni unahitaji spika za masikioni. Kamera inatosha kukutambulisha kwenye kikao na si zaidi ya hapo.

Kibodi, kinyume chake, ni bora kuliko za kompyuta nyingi mpya za bei kubwa zaidi. Vitufe vina kina cha kutosha, vinarudi vizuri chini ya vidole, na imetengenezwa ili kuhimili maji kidogo yakimwagika. Kuandika tasnifu ya kurasa nyingi juu yake hakuchoshi mikono. Nashauri tu uangalie mpangilio wa herufi, kwa maana mashine nyingi zimetoka Ulaya, na zile za Ujerumani zimebadilishana nafasi za Z na Y, herufi ambazo Kiswahili kinazihitaji karibu katika kila sentensi. Mpangilio unaweza kubadilishwa kwenye Windows, lakini maandishi yaliyo juu ya vitufe yatabaki kukupotosha mpaka uizoee au ununue kibodi nyingine. Chaja za huko nazo huja na waya wa ncha mbili za mviringo, hivyo omba waya wa ncha tatu za bapa unaoingia kwenye soketi zetu, badala ya kutegemea adapta zinazolegea na kutoa cheche.

Kuhusu matundu, mwanafunzi hatapungukiwa: kuna HDMI, USB za kawaida mbili, USB-C mbili, sehemu ya kadi ya kumbukumbu, na tundu la waya wa mtandao ambalo kompyuta nyembamba za siku hizi zimeliacha. Haina tundu la VGA, na projekta za kumbi nyingi bado zinaitaka hiyo, kwa hiyo nunua adapta ya HDMI kwenda VGA kabla ya siku ya kuwasilisha utafiti wako. Chaja hutumia USB-C, na hilo ni jema kwani ukisahau yako hosteli unaweza kuazima ya mwenzako iliyo na nguvu ya kutosha. Lakini jaribu chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C dukani. Baadhi ya mashine za aina hii zilipata hitilafu kwenye tundu la Thunderbolt, ambalo ni moja ya yale mawili ya USB-C, na Lenovo ilitoa sasisho la programu ya ndani ya tundu hilo. Ukishanunua, lipakue na kuliweka mapema. Tumia Wi-Fi ya chuo kwa kazi hiyo pamoja na masasisho mengine ya Windows, kisha ukirudi kwenye bando lako la simu, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo ili isilimalize usiku kucha.

Kipimo ambacho sitaki mtu yeyote akiruke ni cha BIOS. Izime kompyuta, iwashe, na ubonyeze F1 mara tu nembo inapotokea. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, mshukuru na uondoke, hata kama bei ni ya kutupa. Nenosiri la msimamizi kwenye ThinkPad haliondoki kwa kuchomoa betri wala kwa kuweka Windows upya, na huenda mashine hiyo bado ni mali ya mtu mwingine.

Je, inamfaa kila mwanafunzi? Kwa ualimu, sheria, biashara, uhasibu, kilimo na programu za kawaida za kompyuta, jibu langu ni ndiyo bila kusita, na hilo linawahusu pia wenzetu wa Iringa. Wahandisi wanaochora kwa AutoCAD michoro ya pande mbili, wanaoandika programu kwa Python au wanaotengeneza ramani kwa QGIS watafanya kazi vizuri wakiwa na RAM ya GB 16. Wanafunzi wa usanifu majengo ndio ninaowaomba wasikilize kwa makini: michoro ya pande tatu iliyokamilika, yenye vivuli na mwanga wa jua, itaielemea kadi ya picha ya Intel iliyomo, na zile chache zenye NVIDIA MX150 hupunguza tatizo bila kulimaliza. Kwao fedha ielekezwe kwenye mashine yenye kadi ya picha kubwa, hata ikiwa nzito na isiyodumu na chaji.

Mwisho ni mahali pa kununulia. Wengi huagiza Kariakoo na kutumiwa kwa basi, umbali wa zaidi ya kilomita 800, kwa kuwa bei huko inakuwa chini kidogo. Mimi napendelea duka la hapa Mbeya ambalo mwenyewe nitalirudia kwa miguu kompyuta ikigoma ndani ya wiki ya kwanza, na muuzaji wa hapa hukuruhusu kufanya vipimo vyote hivi kabla hujatoa fedha. Dai risiti iliyoandikwa namba ya utambulisho iliyopo chini ya mashine, si jina la kompyuta peke yake. Ukiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Lenovo utaona ilitoka kiwandani ikiwa na prosesa gani na kioo gani, na ikiibwa hosteli, ndiyo namba utakayoipeleka polisi.