Ziara ya mahekalu ya Shiva kutokea Chennai: gari nyota mbili, mahekalu yenyewe nyota tano

Naanza na hela maana najua ndo mnachotafuta. Gari la siku nzima kutoka Chennai, kusini mwa India, kwenda Kanchipuram, Vellore na kurudi, na mtembeza wageni anayeongea Kiingereza ndani yake, rupia 6,500. Kwa hela ya kwetu ni kama laki na tisini na kitu. Tulikuwa watatu: mimi, shangazi yangu ambaye ndo mgonjwa tuliyekuja naye kutibiwa, na mama mmoja wa Muscat tuliyempata hapo hapo gesti anayeongea Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu mimi wa Tanga. Shangazi alikuwa anasubiri majibu siku tisa, na mtu ukikaa siku tisa kwenye gesti ya wagonjwa unaanza kuumwa na wewe, so wenye gesti walipotuambia kuna kampuni ina tripu ya mahekalu ya zamani ya Shiva, mmoja wa miungu wakubwa wa Wahindu, yasiyojaa watalii nikasema twende. Kampuni siitaji, ila ukifikia mitaa ile ya wagonjwa wa nje utaletewa hicho kikaratasi chao mlangoni tu.

Dereva hana tatizo, kijana mtaratibu, hapigi simu akiendesha, shangazi akitaka kusimama anasimama. Shida ni huyo mtembeza wageni. (Kiingereza chao wanamwita "gaidi", mama wa Muscat alicheka mpaka machozi, kwetu gaidi ni mtu mwingine kabisa, lakini mpaka jioni nikaona jina limemkaa.) Tuliambiwa saa 12 alfajiri, kaja saa mbili kasoro. Kanchipuram ni kilomita 75 hivi, tumefika saa nne, nikajua sasa hekalu. Wapi! Tukapelekwa duka la sari za hariri. Ni kweli Kanchipuram ndo mji wa hariri na sari zao nzuri sana sikatai, lakini tumekaa humo karibu saa mbili, tunafunguliwa kitambaa kimoja baada ya kingine, chai inaletwa, na jamaa yetu kakaa pembeni na mwenye duka wanaongea kama mashemeji. Komisheni hiyo, mtu mzima haambiwi.

Sasa hapa ndo pa kusoma vizuri kama unapanga kwenda. Mahekalu ya huku jimbo la Tamil Nadu mengi yanafungwa mchana. Mungu analala. Saa sita au saa saba kasisi anafunga chumba cha ndani, anakuja kufungua saa tisa au saa kumi jioni. Kila mtu wa mji ule anajua, mtoto wa shule anajua, na mtu ambaye kazi yake ni kupeleka wageni mahekaluni katufikisha hekalu la Kailasanathar saa sita na dakika kumi. Kasisi tulipishana naye anatoka na funguo zake.

Ila hata kwa kufungiwa chumba cha ndani, ule ua wenyewe unalipa nauli. Hekalu lilijengwa na mfalme wa ukoo wa Pallava, Narasimhavarman wa Pili ambaye watu wanamwita Rajasimha, mwanzoni mwa karne ya 8, yaani ni la zamani kuliko karibu kila jengo nililowahi kuligusa kwa mkono. Msingi ni jiwe gumu la matale, juu ni mchanga-jiwe, laini, na ndo maana simba waliochongwa kwenye nguzo wengine nyuso zimeliwa na mvua kama sabuni iliyosahaulika bafuni. Kuzunguka ua kuna vijumba 58 vidogo vya ibada, mtu mmoja anatosha kukaa ndani akatafakari, na kwenye baadhi bado unaona mabaki ya rangi ya michoro ya zamani, jicho hapa, mkono pale. Shiva anacheza, Shiva kakaa anafundisha, Shiva na mkewe Parvati. Gaidi wetu akatuambia limejengwa na Wachola, ukoo mwingine wa kifalme wa huku kusini. Kibao cha idara ya mambo ya kale kipo getini kimeandikwa Pallava kwa herufi kubwa. Wachola wamekuja baadaye, na inasemekana ni kwa kuliona hili ndo Rajaraja Chola akapata hamu ya kujenga lile kubwa la Thanjavur lililokamilika mwaka 1010.

Stori iliyonikaa zaidi niliisoma mwenyewe usiku. Mfalme wa Wachalukya, Vikramaditya wa Pili, maadui wakubwa wa hawa Wapallava, aliiteka Kanchipuram hiyo hiyo karne ya 8. Sasa mtu kateka mji wa adui, hekalu limejaa dhahabu, unategemea nini? Akaingia, akaona, akalirudishia hekalu mali yake, kisha akachonga maandishi kwenye nguzo kwa lugha yake ya Kikannada kusema amefanya hivyo. Baadaye mkewe akajenga hekalu kwao Pattadakal linalofanana na hili. Yaani kaja na jeshi kaondoka na ramani ya fundi. Nguzo ipo pale pale na sisi tumepita mbele yake, huyo mtu tunayemlipa hajanyoosha hata kidole.

Halafu viatu. Unavua nje, peku. Saa sita mchana, jua la Tamil Nadu, sakafu ya jiwe. Shangazi alitembea kama anaruka kamba. Soksi zinaruhusiwa, bebeni soksi jamani, mimi nilijua tayari nimechelewa.

Chakula cha mchana hakikuwemo kwenye bei lakini nakitaja kwa sababu kiliokoa siku: jani la mgomba, wali, mchuzi wa dengu wenye ukwaju, na idli ya Kanchipuram (idli ni keki ya mchele ya kupikwa kwa mvuke), ambayo siyo ile nyeupe tupu ya hotelini, hii ina pilipili manga, jira na tangawizi. Shangazi akasema ni kitumbua kilichosahau sukari kikakumbuka pilau. Kala tano, mgonjwa huyo.

Vellore tumefika saa tisa na nusu, kwa bahati tu, siyo kwa mpango. Hapa nampa dereva sifa maana gaidi alikuwa kasinzia kiti cha mbele. Hekalu linaitwa Jalakandeswarar, liko ndani ya ngome ya karne ya 16 ya enzi za dola la Vijayanagara, ngome imezungukwa na handaki la maji, na ndani ya ukuta mmoja kuna hekalu, msikiti na kanisa. Ni ngome ambayo Waingereza waliifungia familia ya Tipu Sultan, mtawala wa Mysore aliyepigana nao, na hapo hapo askari wa Kihindi waliwaasi Waingereza Julai 1806, nusu karne kabla ya yale maasi makubwa ya 1857. Jina la hekalu maana yake ni Shiva akaaye majini.

Cha ajabu cha hapa ni kwamba hili hekalu lilikaa tupu kwa muda mrefu sana. Jengo lipo, nguzo zipo, lingamu hakuna. Lingamu ndo ile alama ya Shiva ya jiwe la mviringo inayoabudiwa, isipokuwepo hilo ni jengo tu. Ilitolewa zama za vita ikatunzwa sehemu nyingine, na hekalu likaja kufanywa ghala la silaha. Limerudishiwa lingamu tarehe 16 Machi 1981, kutoka Sathuvachari hapo hapo karibu na mji. Nikawa nafikiria kuna wazee wa Vellore walizaliwa, wakaoa, wakajukuu, wanalipita hekalu tupu kila siku, halafu siku moja mungu karudi nyumbani. Na unaona kweli watu wa pale wanaabudu kwa uchu, kama walionyimwa. Siku ya kawaida tu, si sikukuu, foleni ilikuwepo.

Ukumbi wa ndoa kushoto ukiingia usiukimbilie haraka. Nguzo zimechongwa farasi na mazimwi yaliyosimama kwa miguu ya nyuma na wapanda farasi juu yake, jiwe hilo hilo moja, ukizunguka nguzo unakuta upande wa nyuma napo pamechongwa ambapo hakuna hata mtu anapatazama. Hapo tulipewa dakika ishirini. Ishirini! Baada ya saa mbili za sari.

Kwenye kuingia: sisi Waislamu watatu, hatukutaka kuingia mpaka chumba cha ndani na wala mahekalu mengi hayaruhusu asiye Mhindu kupita ile nguzo ya bendera. Mwanzoni mwa 2024 mahakama kuu ya Madras (jina la zamani la Chennai) ilitoa hukumu kuhusu mahekalu ya jimbo hili kwamba viwekwe vibao vya kuwazuia wasio Wahindu kupita hapo. Kwa hiyo simameni kwenye nguzo, hakuna atakayewasumbua, na kutoka pale mnaona taa na mnasikia kengele. Kasisi akazungusha moto wa kafuri. Sasa sisi watu wa pwani kafuri tunaijua kwa kazi moja tu, na shangazi harufu ilivyomfikia akanishika mkono, "Mwanangu, nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa shangazi, huku kafuri ni ya mungu, inaungua yote haiachi jivu. Akanyamaza kidogo akasema basi na sisi tunaipaka maiti kwa sababu hiyo hiyo, ila sina uhakika kama ni sababu hiyo au kaitunga pale pale.

Kurudi Chennai saa nne usiku. Gari nyota mbili, zote mbili za dereva.

Kanchipuram nilirudi mwenyewe siku ya tatu kwa basi la kawaida, nauli ya kuchekesha, saa mbili asubuhi nipo Kailasanathar na wazee wanne na mbuzi. Lingamu ya ndani ni kubwa ya jiwe jeusi lenye pande 16. Kuzunguka chumba kuna kinjia chembamba, unaingia kwa kutambaa na unatoka kwa kutambaa, na wanaamini anayezunguka kakata mnyororo wa kuzaliwa tena na tena. Mimi sikuzunguka, kwanza imani yangu, pili tumbo langu. Ila mzee mmoja wa miaka sabini hivi aliingia upande huu mwepesi kama mtoto, akatokea upande ule kapiga vumbi magoti yote mawili anacheka, na ile sura ndo picha niliyoondoka nayo India. Sikuipiga.

La mwisho halimo kwenye tripu yoyote na ndo bora kuliko yote, na liko mjini hapo hapo Chennai: Marundeeswarar, mtaa wa Thiruvanmiyur karibu na bahari. Bajaji tu. Jina maana yake Bwana wa Dawa. Wanasema Shiva alimfundisha hapa mzee mtakatifu Agastya magonjwa na mitishamba yake, chini ya mti wa vanni, na watu wanaleta wagonjwa wao mpaka leo, wanapewa majivu matakatifu yaliyochanganywa na maji na maziwa. Unaona mtu ana bendeji ya hospitali mkononi, faili la eksirei kwapani, kapanga foleni. Sijui niseme nini hapo, sisi wenyewe tulikuwa na faili letu kwenye mkoba.

Washairi watakatifu Appar na Sambandar waliliimba karne ya 7, na ukutani kuna maandishi ya Wachola ya karne ya 11. Shiva wa hapa anatazama magharibi, na stori yake tamu: msomi Appayya Dikshitar alikuja kuabudu, mafuriko yakamzuia upande wa mgongoni mwa hekalu, akaomba, Shiva akageuka kumtazama. Wenye lugha yao hawaliiti mandir kama Wahindi wetu wa Kisutu, wanaita kovil.

Nendeni jioni ya pradoshamu, siku ya 13 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, kuanzia kama saa kumi na nusu mpaka jua linazama. Wanaamini ndo wakati Shiva alipoinywa sumu iliyotoka baharini kuokoa viumbe, ikamkwama kooni koo likawa bluu, kisha akacheza katikati ya pembe za Nandi, fahali wake. Kwa hiyo Nandi naye anaogeshwa: maziwa, mtindi, asali, maji ya dafu, sandali, kila kimoja kinamiminwa kikioshwa na kingine, na umati mzima unavuta pumzi kwa pamoja pazia likifunguliwa. Bure. Ndoo ya viatu tu nje unatoa rupia chache.

Shangazi hakuingia, alikaa getini kwa wauza maua, nikamkuta anabishana bei ya asumini kwa Kiswahili na mama muuzaji anajibu Kitamil, na wameelewana. Kanunua dhiraa mbili, kazibana kwenye mtandio, anasema ni vile tu hawana mrehani angesuka kikuba. Kuja tulilipa bajaji rupia 200. Kurudi, na yale maua kichwani, tukaombwa 350.